Mama Aliyekamua Peke Yake

Marehemu mama yetu aliachwa peke yake na ng'ombe wanne, macho yake yakiwa hayaoni tena vizuri, na aliyemwacha ni mwanawe wa pekee, aliyeona afadhali mama yake akose mtu wa kumshikia kamba kuliko yeye kukiri kwamba alimsingizia mkewe. Hilo lisemwe kwanza. Likiachwa hadi mwisho, watu watakuwa wameshachoka kwa jua na kilio, nalo litafukiwa pamoja naye.

Wazee wa familia ndio walioomba wasifu huu utoke kwa mkaza mwana wake. Mwana alipoulizwa mama yake alizaliwa mwaka gani, alitazama viatu vyake. Mkaza mwana hakwenda shule, lakini alikaa zizini na marehemu miaka ishirini na mitano, na zizini watu huongea. Ameyasema, binti yake ameyaandika, na mdogo wa marehemu amekubali kuyasoma kama yalivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa mchungaji aliyetunza ng'ombe wa tajiri mmoja. Familia ilikaa katika chumba kimoja nyuma ya zizi la mwenye shamba, na ukuta wa chumba ndio huohuo uliokuwa ukuta wa zizi. Uchungu ulimshika mama yake alfajiri, saa ya kukamua, na mkunga alipoulizia maji ya moto akaambiwa yaliyopo ni ya kuoshea viwele. Mtoto akaogeshwa hayohayo. Marehemu aliisimulia habari hiyo maisha yake yote, hasa pale mtu alipomwambia ananuka ng'ombe. Alijibu kwamba hakuanza jana.

Alianza shule Januari 1957 na akasoma hadi darasa la nne. Kila siku kabla ya masomo alipeleka maziwa nyumbani kwa mwalimu, kisha akaenda kukaa kwenye dawati lake. Siku moja mwalimu huyohuyo alimsimamisha mbele ya wenzake akasema kwamba darasa haliwezi kuhesabu vizuri kwa harufu ya zizi. Marehemu, ambaye hakuwa na miaka kumi, alimuuliza mwalimu chai yake ya asubuhi inanukia nini. Alichapwa. Lakini miaka mingi baadaye mwalimu yule, mzee wa fimbo, alikuja mwenyewe kwenye zizi la marehemu kununua maziwa, na marehemu alimjazia chupa hadi mdomoni huku akimwambia, “Mwalimu, vumilia harufu.” Wakacheka wote wawili mpaka ng'ombe wakageuka kuwatazama.

Aliacha shule mwaka 1960 baba yake alipovunjika nyonga. Kaka zake wawili walikuwa wameshakwenda kutafuta kazi, kwa hiyo fimbo ya kuchungia ilimwangukia yeye. Hakuwahi kuilalamikia. Alisema shule ilimfundisha kuandika jina lake, na ng'ombe hawakuhitaji aandike zaidi ya hapo.

Tarehe 18 Desemba 1971 aliolewa na dereva wa tingatinga la kutengeneza barabara. Bwana huyo alikuwa mpole na mcheshi, na aliendesha mashine yenye uzito wa nyumba, lakini ndama akikohoa tu alikuwa ameshavuka uzio. Zawadi aliyomletea mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa ni mtamba mwekundu, akamwongoza kwa kamba ndefu kuliko kamba zote zilizouzwa dukani, yeye akiwa mbele kabisa na mnyama nyuma kabisa, kama watu wawili wasiojuana. Kutokana na mtamba huyo ndipo lilipotoka zizi zima ambalo wengi wenu mmekunywa maziwa yake.

Mungu aliwapa watoto wawili. Wa kwanza, binti, aliishi miezi minne. Wa pili ni mwana huyu, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1974. Marehemu alimlea kama yai mkononi. Hakumtuma samadi, hakumpa ndoo, na alipokuwa kijana akitoka kwenda shule viatu vyake vilikuwa vimeshapigwa rangi na kuwekwa mlangoni. Leo mwana ana duka la vyakula vya mifugo mjini. Anawauzia wenye ng'ombe pumba na chumvi ya kulamba, na anawaeleza namna ya kufuga, wakati yeye mwenyewe hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe. Mume wa marehemu alifariki Oktoba 2003 na kuzikwa hapahapa tuliposimama.

Mkaza mwana aliingia nyumbani kwa marehemu Agosti 1996. Wiki hiyohiyo marehemu alikuwa amenunua ng'ombe mpya, akamwita Bi Harusi. Alimshika bibi harusi wa watu mkono, akampeleka zizini akiwa bado na nguo ya kuolewa, akamwambia kwamba ameletewa maharusi wawili ndani ya wiki moja na sasa atangoja aone ni yupi atakayempiga teke kwanza. Aliyepiga kwanza ni yule wa pembe. Huyu mwingine hakupiga teke hata alipopigwa yeye.

Kazi ya marehemu ilikuwa ileile kila siku, na kwa sababu ilikuwa ileile watu waliona si kazi. Aliamka kabla ya jogoo, akawasha moto wa maji ya viwele. Mkaza mwana alizoa samadi na kuifagia sakafu, akaisukuma kwa toroli hadi shimoni. Marehemu aliosha viwele kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa, kila ng'ombe na kitambaa chake, akakamua, akachuja, akafunika. Baada ya hapo yalikuwa majani ya kukata na kukatakata, maji ya kujaza horini, ndama wa kunyweshwa, kupe wa kutafutwa nyuma ya masikio na chini ya mkia. Alasiri ilikuwa ya uzio. Marehemu hakutupa msumari. Aliupigapiga uliopinda juu ya jiwe la mlangoni mpaka ukanyooka, akaurudisha kazini, na alisema msumari ni kama mume, ukiutupa kwa kupinda utakaa bila. Kila kiangazi mkaza mwana alibeba changarawe na mawe madogo akajaza bonde lililojichimba kwenye sakafu karibu na hori la mwisho, mahali ng'ombe walipopenda kusimama na kukojoa. Bonde hilo lilirudi kila mwaka, naye kila mwaka akalijaza.

Katika miaka ya mwisho ng'ombe walikuwa wanne. Mpole alikuwa mpole. Wasiwasi aliogopa mkia wake mwenyewe. Karani alikuwa na baka jeusi kuzunguka macho kama miwani. Wa nne, kilembwe wa Bi Harusi, aliitwa Kisirani, na ndiye aliyekuwa na maziwa mengi kuliko wote. Kisirani hakukamuliwa na mtu mmoja. Ilibidi mmoja asimame mbele, ashike kamba ya shingo, amkune chini ya kidevu na kumsemesha, na mwingine akae kwenye kigoda akamue. Akikosa sauti usoni pake alirusha mguu. Marehemu alikamua, mkaza mwana akashika kamba, na hawakubadilishana hata siku moja.

Hapo kwa Kisirani ndipo walipozungumza. Lakini marehemu hakuwa mtu wa kumsema mtu usoni. Alimsemea ng'ombe, na mkaza mwana akamjibu kupitia ng'ombe huyohuyo.

“Kisirani,” marehemu alisema akiwa amelaza paji la uso ubavuni mwa mnyama, “mwambie mwenzako mboga ya jana ilikuwa na chumvi ya kulamba.”

“Kisirani, mwambie mama aliyelamba sufuria ni nani.”

Basi maziwa yakawa yanatikisika ndoo nzima kwa kicheko. Waligombana kwa njia hiyo, wakaombana radhi kwa njia hiyo, na mjukuu alipokuwa tumboni habari ilipita kwa Bi Harusi, Kisirani wa wakati huo, kabla ya kumfikia baba yake. Mtu wa nje angewaona wendawazimu. Lakini nyumba ile haikuwahi kusikia mkwe na mkwe wakipayukiana.

Kulikuwa na kazi moja ambayo marehemu hakumwachia mtu, nayo ni mitungi. Mitungi ya maziwa ilikuwa miwili, ile ya bati nene yenye mfuniko. Jioni aliisugua, akamimina ndani ya kila mmoja maji ya moto kiasi cha sufuria ndogo, akayaacha humo usiku kucha ili mtungi usishike harufu. Asubuhi aliyamwaga, akachungulia ndani, akanusa, ndipo akaruhusu maziwa yaingie. Alisema mtungi ndio uso wa nyumba, na uso wa nyumba anauosha mwenye nyumba. Kwa miaka yote hiyo kituo cha maziwa hakikuwahi kuyarudisha maziwa yake. Mpokeaji wa maziwa alikuwa akitumbukiza kipimo kwenye mitungi ya watu wote, lakini akifika kwenye ya marehemu anatumbukiza kwa heshima tu, huku akitazama pembeni.

Agosti 2021 maziwa yalirudishwa. Kipimo kilionyesha maji. Yakarudishwa tena juma lililofuata. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, tarehe 21, na mwana alikuwa amekuja kutoka mjini, kama ilivyokuwa desturi yake ya mwisho wa wiki. Siku hiyo alisimama kituoni mwenyewe. Foleni ilikuwa imejaa, na nusu ya waliosimama humo walikuwa wateja wa duka lake. Mpokeaji alimwonyesha kipimo, akamrudishia mtungi.

Mwana hakuuliza. Aligeukia foleni na kusema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “Maziwa ya mama yangu hayakuwahi kurudishwa tangu nizaliwe, mpaka mwezi huu. Nyumba ile mgeni ni mmoja tu. Mke wangu ndiye anayetia maji.”

Mama mmoja kwenye foleni alimwambia kwamba mgeni wa miaka ishirini na mitano, hata mbwa angekuwa ameshamzoea. Watu wakacheka, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno la namna hiyo halina mlango wa kurudia.

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe anakata majani. Akamwuliza maji ameyatia ya nini, na amekuwa akifanya hivyo tangu lini. Mkaza mwana alimwambia hajui lolote, na kwamba yeye mitungi haigusi, amuulize mama. Mwana alimwambia asimwingize mama kwenye wizi wake. Marehemu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kitambaa cha kuchujia mkononi. Mkaza mwana alimtazama. Lilikuwa neno moja tu lililohitajika, nalo lilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja tu. Marehemu alisema ng'ombe wanasubiri maji, akaondoka kwenda horini.

Kesho yake, Jumapili, mkaza mwana aliambiwa na mumewe aende kwa ndugu zake mpaka atakapoitwa. Alifunga nguo zake kwenye shuka. Alikwenda kwa dada yake, kitongoji cha pili, ng'ambo ya daraja, akapata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Hakuitwa.

Wiki iliyofuata maziwa yalirudishwa tena. Mpokeaji, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimuuliza mleta maziwa, mwenye pikipiki aliyeyachukua langoni kila asubuhi, kama mke ameondoka na maji kayaacha. Kituo kizima kilielewa siku hiyo. Mwana alipopelekewa habari alisema ni majirani wenye kijicho. Tangu hapo Jumamosi zikawa na kazi nyingi mjini, na akawa haonekani kituoni.

Ukweli wake ulikuwa mdogo na wa kusikitisha. Marehemu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa amelificha jambo hilo kwa zaidi ya mwaka. Mwanga wa alfajiri ulikuwa haumtoshi tena. Alimwaga maji ya mtungi wa kwanza, akageuka kumkemea ndama, akarudi na kuuinua uleule wa kwanza, akaukung'uta, akauchungulia asione kitu, akaunusa ukanukia vizuri. Mtungi wa pili ukapokea maziwa juu ya maji yake. Alifahamu siku ile ya kurudishwa mara ya tatu, pale mkaza mwana aliposema mitungi haigusi. Kesho yake alfajiri, baada ya kumwaga maji kama kawaida yake, aliingiza mkono ndani ya mtungi wa pili, vidole vikatoka na maji. Tangu hapo alijaribu kupapasa, lakini asubuhi nyingine alisahau.

Januari 2022 alikwenda kwa miguu hadi ng'ambo ya daraja, akiuliza njia, na fimbo yake ya kuchungia ndiyo iliyomwonyesha mashimo. Alimkuta mkaza mwana uani kwa dada yake anaanua nguo. Siku hiyo hapakuwa na ng'ombe wa kumsemea. Mkaza mwana akamwekea kigoda.

“Mwanangu, maji nilitia mimi,” akasema. “Macho yangu yamekufa.”

Mkaza mwana alimuuliza mbona alinyamaza siku ile. Marehemu alisema aliogopa. Mwanawe angejua kwamba haoni, angewauza ng'ombe na kumpeleka mjini akakae kwenye kochi lake atazame ukuta. Akaona mkaza mwana ni kijana, ana nguvu, ataondoka siku mbili tatu na kurudi. Yeye ng'ombe wakiondoka hawarudi.

Mkaza mwana alikunja shuka, akakunja lingine. Kisha akamuuliza kama amemwambia mwanawe.

“Nimemwambia wiki iliyopita.”

“Kasema nini?”

“Kasema yaishe.”

Yaishe ni neno la aliyekosewa. Aliyekosa hana haki ya kulisema kabla ya mwenzake. Mkaza mwana alimpa mama chakula, akampaka mafuta miguu iliyokuwa imepasuka kwa safari, akamsindikiza hadi darajani. Marehemu alimsihi arudi. Alimjibu kwamba aliyemtoa mlangoni mbele za watu ndiye wa kumwingiza, mbele za watu. Marehemu hakubishana naye. Alisema ni haki yake, na kwamba hata yeye angesema hivyo.

Lakini tangu mwezi huo, siku ambazo nyumba ya wageni ilimpa nafasi, yaani Jumatano na Jumapili, mkaza mwana alivuka daraja asubuhi na kuingia kwa lango la nyuma. Alizoa samadi, akashika kamba ya Kisirani, akamwaga mwenyewe maji ya mitungi yote miwili. Siku hizo maziwa hayakurudishwa. Hakukanyaga sebule. Mwana alijua, maana watu walimwambia, naye akaona hilo limetosha, mke anafanya kazi na yeye hajasema neno. Kijana wa kuajiriwa aliletwa mara mbili, na mara mbili Kisirani alimwondoa.

“Kisirani,” marehemu alisema asubuhi moja, mkono ukiwa kwenye chuchu, “mwambie mwenzako chumba chake hakijalaliwa na mtu.”

“Kisirani, mwambie mama mwenye ufunguo anajua ninapolala.”

“Kisirani, mwambie mwenzako mama anazeeka.”

Mkaza mwana alimkuna mnyama chini ya kidevu mpaka ndoo ikajaa.

Habari ya ugonjwa wake ni fupi. Julai 2022 mjukuu wake, ambaye ni muuguzi, alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari alisema macho yanatibika, ni upasuaji wa siku moja kila jicho na majuma machache ya kutoinama, kutobeba kitu kizito na kutoingiwa na vumbi. Marehemu alifurahi. Alimpigia mwanawe simu akamwambia yuko tayari hata kesho, ila majuma hayo ng'ombe hawawezi kukaa bila mtu, na mtu wao anajulikana.

“Nirudishie mkwe wangu,” alimwambia, “ndipo nitakwenda kwa daktari wako.”

Mwana alisema atatafuta njia nyingine. Alitafuta Agosti, akatafuta Septemba. Ndugu wawili walimwendea dukani wakamsihi, akawaambia mama ni mkaidi na atachoka mwenyewe. Mjukuu alimlilia baba yake kwenye simu. Wote waliokwenda waliona kwamba neno moja lingemfungulia mama macho yake, na kwamba mwana alikuwa amelishika neno hilo mdomoni kama mtoto anayekataa kumeza dawa. Hakuwa mtu mkatili. Alimtumia mama yake mablanketi, alimtumia redio. Lakini wateja wake wote walikuwa kwenye ile foleni, naye aliona akirudi pale kusema alikosea watamcheka wakati anawapimia pumba. Kwa hiyo mama akaendelea kukamua kwa kupapasa. Mpole, Wasiwasi na Karani walimjua kwa vidole, wakatulia. Kisirani siku za mkaza mwana alikamuliwa sawasawa, na siku nyingine marehemu alimfunga kamba fupi kwenye nguzo na kumsemesha kutokea huko nyuma, akiamini sauti itafika mbele.

Bonde la karibu na hori la mwisho halikujazwa kiangazi cha 2021, kwa kuwa mjazaji alikuwa ameshaondoka. Kiangazi cha 2022 mkaza mwana alilijaza nusu, siku zake mbili zikamwishia. Mvua za Januari zikalichimba upya.

Jumanne, tarehe 7 Februari 2023, mleta maziwa alifika langoni na pikipiki yake asikute mtungi. Alipiga honi. Marehemu hakuwa mtu wa kungojewa, kwa hiyo akaingia. Alimkuta amelala ubavu karibu na hori la mwisho, kigoda kimepinduka, kichwa kimegonga ukingo wa saruji. Maziwa yalikuwa yamemwagika yakatuama kwenye lile bonde. Kisirani alikuwa amesimama juu yake bila kusogea, kamba imefungwa palepale. Hatujui alirusha mguu au marehemu aliteleza. Marehemu alikuwa bado na joto. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kitambaa cha Kisirani, kile cha bluu. Alifariki akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, zikiwa zimebaki wiki chache atimize sabini na minne.

Mkaza mwana aliitwa kutoka kwenye mashuka. Jumanne haikuwa siku yake. Alifika, akasaidiana na mjukuu kumbeba marehemu ndani, na ndiyo mara ya kwanza alipokanyaga sebule ile baada ya mwaka mmoja na nusu. Walimwosha kwa maji ya uvuguvugu. Kisha, kwa kuwa ng'ombe hawajui msiba na viwele vilikuwa vinauma, alitoka akaenda kukamua. Mjukuu alishika kamba. Mkaza mwana alikaa kwenye kigoda cha marehemu, akaweka paji la uso ubavuni mwa Kisirani, akataka kusema, akakosa wa kumtuma. Tangu Jumanne hiyo ng'ombe wamekamuliwa asubuhi na jioni. Mwana alipofika jioni ile alilia sana, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Hilo nalo lisemwe.

Marehemu ameacha mwana mmoja, mkaza mwana mmoja ambaye hajaachwa wala hajarudishwa, mjukuu mmoja wa kike, na mdogo wake anayewasomea maneno haya. Ametanguliwa na mumewe na binti yake mchanga. Ameacha Mpole, Wasiwasi, Karani na Kisirani, na majirani wengi waliolelewa na maziwa yake. Mpumzisheni taratibu, mnaoshika majembe. Mama huyu hakuwahi kulala hadi jua lichomoze. Sasa na alale, alale kwa amani, wala asiwepo wa kumwamsha.

Deni limebaki, na anayedaiwa ni mwana wa marehemu, aliyekaa mstari wa mbele. Alilodaiwa na mama yake halilipiki tena, atakaa nalo. Alilodaiwa na mkewe bado linalipika. Halitalipwa hapa, maana kaburini kila mtu huomba msamaha na hakuna anayeulizwa kitu. Halitalipwa kwa kutuma wajomba, wala kwa kuacha ufunguo juu ya meza. Anadaiwa kwenda kituo cha maziwa, asimame kwenye foleni mahali aliposimama siku ile, aseme kwa sauti ileile kwamba mke wake hakutia maji. Leo ni Alhamisi. Keshokutwa ni Jumamosi, foleni itakuwa imejaa, na mkewe atakuwepo na mitungi miwili.